Nguo Isiyojulikana Ilikotoka

Mkoani Singida zawadi ya Krismasi huwa na kola na vifungo. Mti wenye zawadi zilizofungwa kwa karatasi za rangi tunauona kwenye maduka ya mjini, umepambwa kwa pamba ili ionekane theluji, kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa. Mtoto wa Kiomboi, wa Ikungi au wa Nduguti hangojei mwanasesere. Anangojea nguo mpya. Ataivaa asubuhi ya tarehe 25 kwenda ibadani, kisha atazunguka nayo nyumba kwa nyumba mchana kutwa mpaka pilau imdondokee kifuani. Ndiyo maana Desemba ikiingia mafundi cherehani huanza kusema uongo: njoo Jumatano, njoo Ijumaa, imebaki kupiga pasi tu.

Naanzia hapo kwa sababu mambo mawili ambayo kwingine hutenganishwa, kuwapa wahitaji nguo na kuacha zawadi za sikukuu, kwetu ni jambo moja. Ukiacha zawadi umeacha nguo. Na ukimpa mtu nguo ya Krismasi umempa kitu ambacho kanisa zima litakitazama.

Nilizaliwa Iramba, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Mama aliingia ualimu wakati wa UPE, ule mpango wa elimu kwa wote ulioanza 1977, na utoto wangu ukaangukia kwenye miaka ya mwanzo ya 80. Walioiishi hawahitaji kuelezwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, hazina imekauka, duka la ushirika lina chumvi leo na kesho halina, sabuni inagawiwa kwa majina, khanga inapatikana kwa foleni na kwa kujuana. Viwanda tulikuwa navyo: Urafiki ya Dar es Salaam ilianza kufuma 1968, Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex. Lakini mashine zilidai vipuri na vipuri vilidai fedha za kigeni. Lililokera zaidi ni kwamba pamba yenyewe ilikuwa inalimwa hapo hapo kwetu Iramba. Tuliiona ikiondoka kwa malori, na kitambaa hatukukiona kikirudi. Miaka hiyo msichana mwenye gauni la pili alihesabiwa kuwa ana kabati.

Misheni ilisaidia. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuwa wamefanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920, na hospitali za Kiomboi na Iambi ni sehemu ya historia yao. Nguo kutoka kwa waumini wa ng'ambo ziliwafikia watu kwa njia hiyo muda mrefu kabla hazijawa biashara. Kuna mzaha wa zamani kuhusu makoti ya baridi yaliyotumwa Afrika. Wanaoucheka hawajakaa Singida mwezi Juni. Uwanda wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hauna msitu wa kuuzuia upepo, na wazee waliopata makoti yale waliyavaa mpaka bitana zikaisha.

Nyumbani kwetu nguo iliyotubana haikutupwa. Mama aliifua, akaipiga pasi ya mkaa, na wiki ya mwisho ya Majilio akaipeleka kwa familia aliyoona imepungukiwa zaidi. Mwaka mmoja ikawa zamu ya gauni langu la bluu lenye kola nyeupe. Sasa, Walutheri wa kwetu wana desturi ya watoto wa shule ya Jumapili kusema mistari siku ya Krismasi. Mtoto anasimama mbele ya waumini, anatamka aya yake kwa kichwa, anarudi kukaa huku wazazi wakipumua. Binti aliyepewa gauni langu alisimama nalo. Alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi wote na aya yake alikuwa ameishika barabara. Kabla hajafungua mdomo, benchi la watoto lilikwishaanza kunong'ona: gauni la mwalimu, gauni la mwalimu. Sidhani kama palikuwa na ubaya mkubwa ndani yake. Watoto husema wanachokiona. Aliitamka aya yote bila kukwama, akarudi kukaa, na tangu siku hiyo sikuliona gauni lile mwilini mwake. Miezi ikapita, nikakuta limekuwa vazi la mdogo wake mchanga. Lilikuwa limekatwa, limegeuzwa ndani kuwa nje, kola imeondolewa.

Mama naye aliona. Hakutuhubiria. Krismasi iliyofuata alizifunga nguo zetu kwenye khanga kuukuu na kumkabidhi dereva wa lori lililokuwa linakwenda Ndago, alikokuwa mama mdogo, mwalimu mwenzake. Lori liliporudi lilileta furushi la nguo za watoto wa mama mdogo. Zao zikagawiwa kijijini kwetu, zetu zikagawiwa Ndago. Hakuna mtoto wa kijijini kwetu aliyewahi kumwona binamu yangu na sketi ile ya maua, kwa hiyo sketi ya maua ilikuwa mpya. Nimekaa kwenye semina nyingi za misaada tangu wakati huo, zenye chai na vitafunwa, na sijasikia wazo bora kuliko lile la furushi.

Baadaye niliolewa na Mkatoliki wa Singida mjini nikahamia upande wake. Huko nilimsikia padre akisimulia habari za Nikolai, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, na ndiye huyo ambaye dunia imempa kitambi na joho jekundu ikamwita Baba Krismasi. Simulizi la kale linasema alikuwepo mtu aliyefilisika, mwenye mabinti watatu wasioweza kuolewa kwa sababu huko fungu la ndoa hutoka kwa wazazi wa msichana. Nikolai alipita usiku akatupa dhahabu dirishani, binti kwa binti, ili yule baba asilazimike kumtazama usoni aliyemsaidia. Wachoraji wa kadi wamechukua ndevu na mfuko wakauacha usiku. Mimi nilimkumbuka mama na lori la Ndago.

Kisha mitumba ikabadilisha hesabu. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 80, marobota yalianza kuingia nchini kwa wingi kama bidhaa. Leo nenda mnada wowote wa mkoa huu: upande huu mbuzi na kuku, upande ule nguo zimemwagwa juu ya turubai, na jua likielekea kuzama muuzaji anashusha bei kuliko kufunga mzigo upya. Siasa za dunia nazo zimepita juu ya turubai hilo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani wakalalamika, ukazuka mjadala wa kuzitoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango ulioruhusu kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa mavazi.

Kwa mtu anayekusanya nguo za msaada kanisani, maana ya yote hayo ni kwamba nguo anayoletewa imeshakuwa sadaka mara moja. Kuna mtu Ulaya au Marekani aliitoa bure. Ikauzwa kwa kilo, ikavuka bahari, ikashuka Dar es Salaam, ikapanda mpaka Singida, mtu akainunua mnadani akaivaa miaka kadhaa, na sasa anaileta jumuiyani iwe sadaka tena. Nimekuwa mtunza hazina wa jumuiya ndogondogo yetu kwa muda mrefu na mifuko hiyo naifahamu. Zipu iliyokufa. Suruali iliyochanika pale pale ambapo suruali zote huchanikia. Soksi ya mguu mmoja. Wanaoleta si watu wabaya. Wamesikia tangazo Jumapili wakakumbuka kabati limejaa. Ila kilichofanyika hapo ni usafi wa nyumba. Methali yetu ya kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, imetuletea mifuko mingi sana, na haijasema neno lolote kuhusu zipu.

Kwa hiyo naegemea zaidi upande wa kuacha kuliko upande wa kutoa vilivyobaki. Kuacha kunagharimu, na gharama hiyo niliishuhudia nyumbani kwangu.

Krismasi ya 2005 ilitukuta kwenye ukame. Mvua za Singida ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na Desemba ndiyo mwezi wa kupanda mtama, uwele, mahindi na alizeti. Desemba ikikupita, mwaka umekupita. Msimu ule mawingu yalikuja yakaondoka, na 2006 ilipoingia nchi ilikuwa na upungufu wa chakula pamoja na mgawo wa umeme kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka. Sisi tulikuwa na mshahara. Majirani wengi walitegemea shamba tu. Mume wangu akatamka mezani kwamba mwaka huu hakuna kushona, fedha ya nguo za watoto itanunua mahindi na sare za shule kwa familia moja ya mtaani kwetu, akaitaja.

Mkubwa alikubali papo hapo, kwa ule uungwana wa vifungua mimba ambao mimi huutilia shaka. Mdogo, aliyekuwa darasa la pili, aliweka kijiko chini akauliza: "Na baba anaacha nini?"

Lilikuwa swali halali kabisa. Nguo ya Krismasi ilikuwa haki ya mtoto, ameingojea tangu Krismasi iliyopita, na tulikuwa tumeigawa sisi wawili tuliokuwa na uhakika wa kuvaa vizuri siku hiyo. Kikao kikaanza upya. Baba akataja safari ya kwenda kwao Manyoni na mbuzi ambaye angechinjwa huko. Mimi nikataja kitenge kilichokuwa tayari kwa fundi kikisubiri malipo. Mtoto akaisikiliza orodha, akauliza kama soda nayo imo, akahakikishiwa kwamba soda haiguswi, ndipo akaridhia. Kuridhia kwenyewe hakukumzuia kukaa kanisani na uso uliovimba mpaka Injili ikasomwa, mikono ya shati la mwaka jana ikiishia juu kidogo ya vifundo. Watu husimulia habari za kujinyima kwa ajili ya wengine utadhani ni asali. Shati fupi ni shati fupi, na mtoto wa jirani aliuliza kwa sauti.

Tangu hapo sikubali mtu mzima aache zawadi ambayo si yake. Tukitaka watoto watoe, wapo wanaojua kuwafundisha vizuri. Kanisa Katoliki lina shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na askofu Mfaransa, Charles de Forbin-Janson, ambamo watoto huwasaidia watoto wenzao kwa sala na kwa michango midogo. Watoto wa parokia yetu wamo, na nimewaona wakibishana vikali juu ya sarafu zao. Ni zao, ziko mkononi mwao, na yeyote anaweza kusema hapana. Mtu mzima akisema hapana, naye tunamwacha. Kuna mfanyabiashara wa vitunguu pale Misuna ambaye kila mwaka hutuambia hawezi kuacha nyama ya sikukuu hata kidogo, kisha anatoa fedha nyingi kuliko waliojinyima.

Nilipoanza kuuliza wenye shida wanahitaji nini hasa, jibu halikuwa Krismasi. Jibu lilikuwa Januari. Tangu Januari 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na hilo limewaingiza darasani watoto wengi sana. Lakini sare, viatu na madaftari vimebaki kwa mzazi, na Januari kwetu ghala limepungua, mbegu imeshafukiwa ardhini, mavuno yako mbali. Gauni la sikukuu litavaliwa siku chache. Shati jeupe na sketi ya bluu vitavaliwa Jumatatu hadi Ijumaa mpaka vitoboke. Ndipo jumuiya yetu ikaanza kugeuza fedha za nguo za sikukuu kuwa vitambaa vya sare.

Hapo aliingia fundi. Ni Mwislamu, ana kibaraza mtaani kwetu, na kama zilivyo nyumba nyingi za Singida ukoo wake una Wakristo na Waislamu kwenye sinia moja. Nilimpelekea orodha ya majina ya watoto na vipimo. Aliisoma, akanirudishia. "Dada," aliniambia, "karatasi hii ikikaa hapa mezani, kila mteja ataisoma. Mpeni mzazi kitambaa mkononi. Aje nacho mwenyewe, tubishane bei kama wateja wengine, mtoto apimwe. Mambo ya fedha mimi na wewe tutayamaliza pembeni." Hajawahi kumsikia mama yangu wala Nikolai. Ni mtu aliyekaa nyuma ya cherehani miaka mingi akitazama nyuso za watu wanapopimwa.

Na kweli huwa wanabishana. Nimepita pale nikamkuta bibi mmoja anayelea wajukuu akimshushia fundi bei kwa ukali, akimkumbusha kwamba mwaka jana pindo lilifumuka. Fundi analalamika kwamba atakufa njaa. Bei wanayofikia haina uhusiano wowote na ile tuliyokubaliana, na wote wawili wanaifurahia.

Desturi ile ya kuuliza kabla ya kununua ilinifaa sana Sukamahela. Ni makazi ya serikali wilayani Manyoni, ya wazee na ya watu walioathiriwa na ukoma. Makao ya aina hii hayasahauliki wakati wa sikukuu. Ni desturi ya serikali kupeleka mbuzi, mchele na mafuta kwa jina la Rais, na vikundi vya makanisa hufuata. Akina mama wa jumuiya tulikubaliana kwenda kwanza kusikiliza tu, tusipeleke nguo. Kwa malezi yetu kwenda kwa wazee mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo tulibeba sukari.

Bibi mmoja alituambia, bila kuulizwa mara mbili, kwamba hataki blauzi ya vifungo. Alituonyesha vidole. Ukoma unatibika. Dawa mseto zimekuwepo tangu miaka ya 80, na mwaka 2006 Tanzania ilifikia kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Lakini dawa huua vijidudu tu, haifufui mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa. Mwenye vidole vilivyopinda na visivyohisi, kifungo humgeuza kuwa mtu wa kufungwa nguo na mwingine kila asubuhi. Alitaka gauni la kuingiza kichwani, lenye shingo pana, na khanga. Babu aliyekaa pembeni yake alitaka suruali ya mpira kiunoni. Mwingine alitaka viatu vya kufunika mguu, vyenye soli ngumu chini na laini ndani, kwa kuwa mguu usiohisi hukanyaga mwiba asubuhi na mwenyewe akauona jioni, kidonda kikiwa tayari. Hakuna aliyetaja rangi isipokuwa yule bibi. Alisema isiwe kijivu.

Mifuko ya Majilio haikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo. Fundi alivishona vilivyoshoneka.

Sasa tuna mjadala mpya jumuiyani, nao ni wa picha. Tangu M-Pesa ilipofika nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, watoto wa Singida walioko Dar es Salaam na Arusha hutuma michango kwa simu, na bila wao vitambaa visingetosha. Wengi ni vijana wakarimu. Wanaomba tuwatumie picha za watoto wakipokea, na mmoja wa viongozi wetu anawaunga mkono, anasema bila picha watu hawaamini na mwakani watapeleka fedha kwingine. Hoja yake ina uzito. Mimi huwaza juu ya mtoto wa darasa la tatu ambaye picha yake itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu atakapofika kidato cha nne, ameshika shati jeupe kifuani, na nyuma yake bango lenye majina yetu.

Mwaka jana tulishindwa kuafikiana, basi nikawatumia picha ya majora ya kitambaa yakiwa kwenye kaunta ya duka, pamoja na risiti. Kijana mmoja alijibu kwamba majora hayatabasamu. Wengine waliuliza kitambaa cha mita ngapi hutosha sketi ya mtoto wa darasa la nne, nikamwuliza fundi, nikawajibu, wakatuma.